Mukono wa Baba Mukwe

Mi Hitimana sikuwa mutu wa haya, na atakayekuambia vingine hakuwa Gisenyi miaka ile. Kazi yangu ilikuwa mudomo. Dokta wa serikali alikuwa Mubelgiji, Kiswahili chake kiliishia kwenye «fungua kinywa» na «lala hapa». Basi mi niliketi kando ya meza yake: mugonjwa anasema Kiswahili au Kinyarwanda, nageuza Kifaransa; dokta anajibu, narudisha. Miaka minane. Nimegeuza kisonono cha makarani na kaswende ya polisi, nimeuliza wanaume wazima walilala na nani na lini, wala sikupepesa jicho. Kadiri, mufunga vidonda, mutoto wa Waislamu wa pale madukani, alikuwa akiwapigia kelele wanaume waliojikunyata kwenye foleni: «Mficha uchi hazai, jamani! Ingieni muvue!» Watu wanacheka, wanaingia, wanavua.

Mutu mumoja tu ndiye alinishinda, naye ni baba wa muke wangu.

Aliitwa Sebahire. Alikuwa mukubwa wa mutumbwi ule mukubwa uliobeba viazi vya Bugeshi na maharage hadi Kibuye, mabega kama mulango, sauti ya kuitia watu ng'ambo ya ziwa. Muke wake Nyiramana alikufa mwaka 49, na kabla hajakata roho alimwapisha kwamba hatawaletea watoto mama wa kambo. Sebahire akakaa na kiapo chake. Alikuwa na miaka arobaini tu. Watu walimusifu sana kanisani, na mimi pia nilimusifu, kwa sababu usiku wake haukuwa wangu.

Tena kwetu baba mukwe si mutu wa mchezo. Huwezi kuketi mahali alipolala, hutaji mbele yake kitu chochote cha kuanzia kitovu kushuka, na ukimukuta anaoga ziwani unageuka unashika njia ingine, hata kama hiyo ingine ni ya kuzunguka kilima. Mama yangu alinifundisha hayo kabla sijajua kuvaa suruali.

Sasa, Kwaresima ya mwaka 55, siku ya mungu, tumetoka misa, Phocas akanishika kiwiko. Phocas alikuwa mwenzake Sebahire wa kasia, mutu wa utani, hafungi mudomo. Siku ile alinivuta hadi nyuma ya ukuta na hakucheka.

«Mukwe wako iko mugonjwa,» akasema.

«Mugonjwa wa nini?»

Akajishika mwenyewe chini, haraka, akaachia. «Kende moja imevimba. Sasa inapita yai la kuku. Nimeona tukivuta mutumbwi, nguo ilimulowa. Nikamuuliza, akalia. Hitimana, nasema alilia! Sebahire!»

«Inamuuma?»

«Haiumi hata kidogo. Ndiyo maana anasema si ugonjwa, ni malipo. Tangu Nyiramana afe, anapiga punyeto. We unajua, mutu iko peke yake, usiku murefu... Bon. Mwaka jana yule katekista wa kule kilimani, Munyaneza, aliwakusanya wanaume akawaambia: mbegu unayoimwaga kwa mukono inaoza humo humo inamotoka, na mukono wenyewe unabaki na laana. Sebahire akaacha siku ile ile. Akatubu, akafunga. Lakini kitu kinakua tu. Anasema Mungu amekataa.»

Nilisikia masikio yanawaka. Si kwa sababu ya punyeto, nimekwambia kazi yangu. Ni kwa sababu sasa nilikuwa nimejua jambo la baba mukwe ambalo mukwe hapaswi kujua, na haiwezekani kulitoa kichwani.

«Kwa nini unaniambia mimi?» nikafoka. «Hakuna watu wengine Gisenyi?»

«We ndiye uko na mudomo wa Wazungu. Uliza dokta. Na asijue kama mimi nimesema, niliapa.»

Nikauliza. Jumatatu, wagonjwa walipokwisha, nikamwambia dokta kwamba rafiki yangu ana hivi na hivi, na anaogopa kwamba ni mukono wake ulioleta. Dokta aliacha kunawa. Akasema, na kila neno nalikumbuka, kwamba mukono hauhusiki kabisa. Wanaume wote wanafanya, akasema, askari, watawala, na wengine waliovaa kanzu nyeusi, na hakuna aliyeoza. Akacheka kidogo. Halafu akaacha kucheka. «Lakini uvimbe hapo usiouma ni mubaya kuliko unaouma. Mulete huyo rafiki wiki hii. Nitakata moja, atabaki na moja, ataishi. Usingojee.»

Donc nilikuwa na dawa mbili mudomoni. Moja ya mwili, moja ya roho. Kulikuwa na kazi gani ya kuzipeleka? Kutoka hospitali hadi pwani ni mwendo wa sigara moja.

Lakini nilipokuwa natembea nikaanza kufikiri. Nikimwambia Sebahire kwamba mukono hauhusiki, atajua najua. Atanitazamaje? Nitaingiaje kwake Krismasi, nipokee pombe kutoka mukono ule ule tuliousema? Yoo! Nilifika pwani jasho linanitoka. Nikamukuta Phocas anashona gunia, nikamwambia: «Mwambie aje kwa dokta. Aseme mugongo unamuuma, ili asione haya. Akifika ndani dokta atajionea mwenyewe.»

«Na ile habari ya mukono?»

«Aje kwanza,» nikasema.

Alikuja Alhamisi, amevaa koti lake la misa. Kadiri alikuwa nje anapiga kelele zake. Sebahire akaingia, akaniona kwenye kiti changu, na nikaona uso wake unajifunga. Sijui alifikiri nitakuwa wapi. Labda alifikiri nitakuwa na adabu ya kutokuwako. Na ningeweza! Kadiri alikuwa na Kifaransa cha kutosha, ningemwambia tu «Kaa hapa dakika tano», niende kuvuta tumbaku. Lakini Kadiri angejua, na Kadiri akijua, saa sita soko zima limejua. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

«Anaumwa nini?» dokta akauliza.

Nikageuza. Sebahire akatazama viatu vyangu.

«Ni mugongo,» akasema.

Nami nikasema Kifaransa: mugongo.

Sikiliza. Baba mukwe hakujua Kifaransa, hata neno moja. Ningeweza kusema pale pale, mbele yake, sauti ya kawaida, uso wa kawaida: «Dokta, huyu ndiye yule rafiki, mutazame chini.» Asingejua. Dokta angemwambia avue, basi, ingekuwa amri ya Muzungu, lawama si yangu. Maneno hayo yalikuja hadi kwenye ulimi. Nikafikiri: akivua, mi niko hapa kwenye kiti, macho niyaweke wapi? Nikayameza.

Dokta akamugonga mugongo, akamusikiliza kifua, akampa vidonge na mafuta ya kuchua. Mulangoni Sebahire akanigeukia. «Asante, mukwe wangu,» akasema, na kwa kweli alikuwa anashukuru. Nami nilishusha pumzi, naapa, nilishusha pumzi kama mutu aliyetua muzigo. Mutu mubaya hajijui kuwa mubaya saa ile, anaona amepona tu.

Nilijiambia nitatafuta siku nyingine. Mwezi wa tano Drocella, muke wangu, akazaa musichana, tukamupa jina Uwimana. Tukamupeleka kwa babu. Sebahire akamutazama mutoto, macho yakamujaa, akaficha mikono nyuma.

«Mupokee, papa,» Drocella akasema.

«Mikono yangu ni michafu.»

«Umenawa sasa hivi, nimekuona!»

Hakumupokea. Siku ile na siku zote zilizofuata. Akaanza kusalimia watu kwa kiwiko, kama mutu aliyetoka kushika udongo, hata Jumapili, hata amevaa koti. Kanisani akahamia benchi la mwisho, na komunyo hakuenda tena. Wengine walisema amekuwa mutakatifu kupita kiasi, wengine kwamba ana kiburi. Drocella alikuwa akirudi kutoka kwake analia: «Papa amemuchukia mutoto wangu. Nimemukosea nini?» Mi nilikuwa namwambia nyamaza, wazee wana mambo yao. Wazee! Mutu wa miaka arobaini na sita!

Nilijua. Kila alipotoa kile kiwiko nilijua, na neno la kumufungulia lilikuwa kwangu. Kuna usiku nilijihurumia kwa kulibeba, fikiria, nilijihurumia mimi.

Phocas aliniuliza mara mbili. Mara ya kwanza nikamwambia dokta amempa dawa. Mara ya pili nikamukaripia, nikamwambia aangalie kasia lake. Hakuniuliza tena.

Kufika Noeli Sebahire hakuweza kasia. Mabega yaliisha, ukabaki mufupa. Akaanza kukohoa, halafu kukohoa damu. Mwezi wa pili, mwaka 56, watu wa mutumbwi walimuleta hospitali kwenye machela, Phocas mbele. Dokta akafunua blanketi mwenyewe. Mi niligeukia ukuta. Nilisikia tu dokta ameacha kupumua, halafu akasema neno baya la kwao.

«Geuka,» akaniambia. «We ni mukalimani au ni ukuta? Muulize tangu lini.»

Nikageuka. Nikauliza. Ndipo nilipoliona, na sitakwambia lilivyokuwa.

«Miaka miwili,» Sebahire akasema. Hakunitazama.

«Muulize kwa nini alificha.»

Nikauliza hilo nalo. Alikohoa, akafuta mudomo. Akasema polepole, kwangu, kana kwamba dokta hayuko: «Mwambie ni mukono wangu. Mwambie ninajua. Asijisumbue na dawa.»

Nikageuza. Dokta alinitazama kwa muda, na nikaona anakumbuka. Nilijua atakumbuka, hakuwa mujinga.

«Huyu ndiye rafiki yako?»

«Ndiye.»

«Ni nani kwako?»

«Baba wa muke wangu.»

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele. Akasema kimeingia mapafuni, siku chache, hakuna cha kukata tena. Mwaka jana lingekuwa jambo la wiki mbili kitandani. «Mwambie kwamba mukono wake hauhusiki,» akasema. «Mwambie sasa, nikiwa hapa, na umwambie yote.» Akafunga mikono akangoja.

Basi nikasema. Nilipiga magoti kando ya kitanda ili nisiseme kwa sauti, nikalitaja lile neno mbele ya baba mukwe, kwa jina lake. «Baba, dokta anasema punyeto hailetagi ugonjwa huu. Wanaume wote wanafanya. Ni uvimbe tu, unamushika yeyote, mwema na mubaya. Mukono wako hauna kitu.»

Kisha akatoa mukono wa kuume kutoka chini ya blanketi, akautazama juu na chini, akaanza kulia bila sauti. Machozi yaliingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali.

«Iko ya kweli?» akauliza. «Haunidanganyi, eh?»

«Iko ya kweli, baba.»

«Mungu wangu,» akasema. «Mungu wangu weee.» Akafunga vidole na kufungua, kimoja kimoja, vyote vitano. Nikaona uso wake unafunguka, na nikafurahi, mujinga mimi, nikafikiri limekwisha, tumelivuka.

Halafu akageuza kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama machoni tangu siku ya mugongo.

«Dokta amekwambia haya leo?»

Ningeweza kusema ndiyo. Dokta hakuelewa tulichosema, hakuna aliyeelewa, chumba kilikuwa changu. Neno moja tu. Miaka minane nilikuwa nikigeuza maneno ya watu, na mwanzo wa ubaya wangu ulikuwa kunyamaza. Sikuwa na nguvu ya kuongeza uongo juu yake.

«Mwaka jana,» nikasema. «Kabla ya Pasaka.»

«Kabla nije na mugongo?»

«Siku tatu kabla.»

Akahesabu kitu kwa midomo. Nilifikiri anahesabu miezi ya ugonjwa wake, siku ambazo dokta angemukata apone. Sivyo.

«Uwimana ana miezi ngapi?»

«Tisa, baba.»

«Tisa,» akasema. Akavuta blanketi hadi kifuani, akajifunika vizuri pande zote. «Toka. Drocella aniletee mutoto. We usiingie tena.»

Nilitoka. Drocella alipita mbele yangu na mutoto mugongoni, na kupitia dirisha nikamusikia Sebahire anacheka, anakohoa, anacheka, na mutoto anapiga kelele za kuvutwa vidole na babu yake. Nilikaa chini pale uani. Baadaye Drocella akatoka, macho yamemuvimba, akaniuliza kwa nini papa anasema nisimukaribie, nimemufanya nini. Nikamwambia yote, mbele ya Kadiri na foleni nzima, bila kuficha neno.

Alimukaza mutoto kitambaa mugongoni, akarudi ndani, akafunga mulango.

Sebahire aliishi siku nne tena. Dokta alipotaka kumuuliza kitu, alimwita Kadiri.