Chupa Arobaini na Moja

Saa sita na nusu mchana chura wa kwanza aligeuka tumbo juu. Nilimwona. Nikaisogeza chupa yake nyuma ya chupa ya konokono, nikapangusa jasho na kuendelea kumngoja mgeni rasmi aliyeahidi kufika saa tatu asubuhi.

Ilikuwa siku ya sayansi shuleni, na wazo lilikuwa langu. Kila mtoto alete kiumbe hai mmoja kutoka bwawa dogo la nyuma ya madarasa, amchore, amhesabu miguu, aeleze anakula nini. Mgeni akivutiwa tungepata hadubini. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nikifundisha vijidudu kwa chaki tu, watoto wakiniamini kwa heshima. Niliitaka hadubini ile kuliko nilivyotaka usingizi, na usingizi wenyewe nilikuwa siupati.

“Subira yavuta heri,” alisema mwalimu mkuu, akiwa kivulini. Meza, chupa na watoto vilikuwa juani.

Binti mmoja mwembamba, ambaye wenzake walimwita Wakili kwa kupenda kuuliza, alinivuta shati.

“Mwalimu, wamechoka. Tuwarudishe?”

“Hata mimi nimechoka. Rudi kwenye mstari.”

Mgeni alifika saa tisa. Alipita haraka haraka akisifu kila kitu, akasimama mbele ya Wakili. Chupa yake ilikuwa na maji matupu.

“Na hapa kuna nini?”

“Shikamoo. Alikuwemo chura. Nimemrudisha bwawani.”

Watu walicheka. Mimi nilichemka. Nikatoa kalamu palepale nikamwandikia sifuri, naye akaitazama bila kulia.

Tuliahidiwa hadubini, tukapiga makofi, mgeni na msafara wake wakaenda zao. Nilibaki na zile chupa arobaini na moja, na uchovu ulionifika mpaka kwenye meno. Nimestaafu sasa, wanafunzi wamenitoka kichwani kwa mamia, lakini aibu ya jioni ile haijanitoka. Nilikuwa namwaga chupa moja baada ya nyingine kwenye ndoo, bila hata kutazama ndani, kama mtu anayeosha vyombo vya sherehe isiyomhusu.

Nikasikia hatua nyuma yangu. Wakili alikuwa amekunja mikono ya sweta.

“Mwalimu, si tuanze na walio hai?”

Niliweka ndoo chini, nikaanza kuwatafuta.