Kizuizi Njiani

Reli ziliporudi nyuma ya nyumba yetu hapa ughaibuni, Beltsville, mtaani kwetu nilifurahi peke yangu. Wenzangu walikuwa wamezoea tuta la reli ya zamani kuwa njia ya baiskeli na mbwa. Kwenye mkutano wa hadhara walikuja na fulana za njano, wakalilia miti itakayokatwa. Mimi nilivaa suti, nikasimama mbele ya maikrofoni, nikawaeleza kwamba tuta lile lilijengwa kubeba treni, na kwamba wapita njia waliazimwa tu. Nilikuwa mkaguzi wa njia ya reli kwa miaka ishirini na tisa, Itigi hadi Tabora. Jambo hilo nalijua.

"Mzee Zefania, umetunyang'anya njia," jirani yangu Silvanus aliniambia tulipotoka. "Sasa mazoezi nikafanyie wapi, juu ya paa la behewa?"

"Kafanyie jikoni, umsaidie mkeo."

Mke wangu mwenyewe, Vumilia, hakuja mkutanoni. Ni mwaka wa pili sasa akili yake inatoka na kurudi. Alikuwa amepotea mara mbili. Mara ya pili polisi walimkuta kituo cha basi, miguu mitupu, mvua inanyesha. Binti yetu Elieth, nesi anayeishi Springfield, alinikalisha chini.

"Baba, mara ya tatu anaenda kwenye nyumba ya wazee. Sitaki kupigiwa simu nije kutambua maiti ya mama."

Nilikubali, kwa sababu niliamini mara ya tatu haitakuwepo. Nilifunga kitasa kipya. Nikamtafuta Chepkirui, mama wa Kikenya kutoka Kericho, awe anakuja asubuhi kumwogesha na kukaa naye ninapotoka.

Kosa nililifanya mimi, Jumanne, wakati wa chai. Nje mafundi walikuwa wakigonga vyuma, nami nikafungua dirisha ili Vumilia asikie. Aliweka kikombe chini.

"Nini hicho?"

"Gengi limeanza kazi, mama Elieth."

Akatabasamu. Tabasamu lile sikuwa nimeliona tangu Pasaka. Nikaondoka kwenda kuchukua dawa zake moyo umejaa, na mlango sikuufunga kwa ufunguo.

Kule Itigi, gengi, yaani kikosi cha mafundi wa njia, likiwa kazini, Vumilia alikuwa analeta chakula. Alitembea katikati ya reli, hotipoti kichwani, kwa kuwa pembeni kulikuwa na miiba. Alifanya hivyo miaka yote. Kwa maneno yale matano nilikuwa nimemwita.

Niliporudi, Chepkirui alikuwa barazani, mikono kichwani.

"Mzee, nilienda tu choo! Two minutes, naapa! Wacha nipigie polisi, 911."

"Usipige."

"Mzee, huyu ni mtu, si kuku!"

"Nimesema usipige! Nenda kituo cha basi. Mimi naangalia huku."

Alikimbia huku ananilaani kwa Kikalenjini. Niliingia jikoni. Hotipoti haikuwepo rafuni.

Uzio wa plastiki wa mafundi ulikuwa umelazwa chini. Nilipanda tuta kwa mikono na magoti, nikasimama juu ya mataruma mapya yanayobeba reli. Nikamwona. Alikuwa upande wa kusini, mbali, karibu na kona, mgongo wake kwangu, hotipoti kichwani, anatembea taruma kwa taruma kama msichana.

"Vumilia!"

Masikio yake hayasikii mbali. Ndipo nikahisi reli inatetemeka chini ya kiatu changu.

Treni ya kokoto ilikuja kila siku saa nne kutoka kaskazini. Kichwa cha treni kilikuwa nyuma kikisukuma mabehewa, dereva haoni mbele, anategemea mtu mmoja mwenye redio aliyening'inia kwenye behewa la kwanza. Nina miaka sabini na sita. Nilipiga hesabu ya mwendo wake, wangu na wa treni, nikajua simfikii.

Kanuni niliisoma shule ya usiku, nikawafundisha vijana wengi: kwanza simamisha treni, kisha shughulikia kilichoko njiani. Huko Itigi ilikuwa kanuni nyepesi. Treni ikisimama hapa, wataandika ripoti. Wakiandika ripoti, Vumilia ameondoka nyumbani kwangu.

Nikampa mgongo mke wangu, nikakimbia kuelekea treni.

Sikuwa na bendera. Nilivua koti, nikavua shati jeupe, nikalipunga juu ya kichwa kwa mikono yote miwili, kifua wazi kwenye baridi ya Novemba. Behewa lilizidi kuja. Yule mtu aliinua redio. Breki zililia, kokoto zikamwagika, na chuma kikasimama hatua kama ishirini kutoka nilipo.

"Una wazimu, mzee?" alipiga kelele kwa Kiingereza.

Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kitabu cha kanuni: "Kuna kizuizi njiani."

"Kizuizi gani?"

Shati lilikuwa bado mkononi. "Mke wangu," nikasema.

Tulimkuta nyuma ya kona, ameketi juu ya rundo la mataruma, ametandika khanga.

"Umechelewa, baba Elieth. Na mbona huna shati mbele za watu? Kula."

Alifunua hotipoti. Ndani mlikuwa na mchele mkavu. Akachota kijiko, akaninyooshea. Nikatafuna. Akachota kingine, akampa yule mtu wa redio, naye akakipokea.

Polisi alikuja na fomu. Aliuliza maswali kwa upole, kisha la mwisho: kwa maoni yangu, je, mke wangu anaweza kurudia? Chepkirui, aliyefika akihema, alinitazama sana. "Mzee, sema hapana," alininong'oneza. "Sema tu."

Miaka ishirini na tisa nilitia sahihi ripoti za njia, na sikuwahi kuandika kwamba reli iliyopasuka ni nzima.

"Ndiyo," nikasema.

Elieth alifika saa sita, bado amevaa sare za kazi. Hakunigombeza. Alisoma karatasi, akaikunja mara mbili, akasema, "Alhamisi tunampeleka, Baba."

Vumilia alikuwa anafunika hotipoti, anaufuta mfuniko kwa pindo la khanga.

"Kesho gengi litakuwa maili ya ngapi?" aliniuliza. "Nijue nilete wapi."

"Kesho ni mbali, mama Elieth," nikamwambia. "Usije."