Dozi ya Pili

Majibu ya maabara yalipotokea kwenye skrini, daktari aliinuka kitini. Potasiamu kwenye damu ya shangazi yake ilikuwa juu kiasi cha kusimamisha moyo bila hodi. Mchana ule wodi ilikuwa mikononi mwake peke yake. Daktari bingwa alikuwa chumba cha upasuaji. Na huyu hakuwa mgonjwa wa kawaida. Shangazi ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa cherehani tangu mama yake alipofariki.

"Insulini, sista! Na maji ya sukari. Haraka!"

Insulini huishusha potasiamu, lakini huishusha sukari pia. Muuguzi akakimbia, dozi ya kwanza ikaingia.

"Mtoto wa kaka," shangazi akasema, vidole vyake vikikagua pindo la shuka, "mbona mnanikimbilia kama nyumba inayoungua? Nimekuja na kizunguzungu tu. Na aliyeshona shuka hili alikuwa na haraka kama yenu."

"Nyamaza upumzike, shangazi."

"Nikinyamaza mtasema nimekufa."

Daktari akapiga simu maabara kuhakikisha. "Nimeirudia, dokta," fundi wa huko akamjibu. "Ni ile ile." Akampigia bingwa, naye akazungumza kupitia kwa msaidizi aliyemshikia simu. "Imerudiwa? Sasa unangoja nini? Toa dozi ya pili."

Aliporudi kitandani na bomba la sindano mkononi, shangazi alikuwa amelowa jasho. Midomo ilimtetemeka, maneno yakampotea. Alimtazama daktari akamwita kwa jina la kaka yake, baba wa daktari, aliyezikwa zamani.

"Dada, fanya kitu!" Binamu yake, mwana wa pekee wa shangazi, alikuwa ameng'ang'ania fremu ya mlango. "Anaondoka huyu!"

Mkono wa daktari ulikuwa tayari kwenye mrija. Skrini ilisema choma, bingwa amesema choma, binamu analia. Ila mashine ya moyo ilikuwa ikichora mawimbi yaliyopangika vizuri, kama ya mtu mzima wa afya. Moyo uliozidiwa na potasiamu hauchori hivyo.

Amerudia nini yule fundi? Damu ile ile, kichupa kile kile. Kama kichupa kina kasoro, hata akikipima mpaka jioni kitamjibu vilevile.

Akairudia skrini, safari hii akasoma na mistari aliyoiruka alipoona ile namba nyekundu ya juu. Kalsiamu ilikuwa chini mno. Mwenye kalsiamu hiyo vidole vyake hukakamaa. Shangazi muda mfupi uliopita alikuwa akikagua mshono. Ni kitu gani hupandisha potasiamu na kuishusha kalsiamu kwa pamoja? Dawa ya kuzuia damu isigande, ile iliyomo kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau: yenyewe ina potasiamu, na hunasa kalsiamu.

"Sista, damu ilitoka vizuri?"

"Mshipa ulinisumbua, dokta. Kichupa cha pili hakikujaa, nikakiongezea kidogo kutoka kile cha zambarau. Si ndivyo tunavyofanya ikipungua?"

Daktari akaweka bomba la sindano mezani.

"Unaiweka chini?" Binamu akamsogelea. "Bingwa si amesema umpe!"

"Nikimpa, namuua."

"Na usipompa?"

Uhakika hakuwa nao. Alikuwa na sababu tu, na sababu inaweza kuwa na kosa. Akamtoboa shangazi kidole. Sukari ilikuwa imeanguka vibaya. Akasukuma sukari nzito mshipani, kisha akatoa damu mpya kwa mkono wake mwenyewe, kwenye kichupa kipya, akamtuma muuguzi mbio.

Wakasubiri. Mawimbi yakaanza kuruka, moja likikawia, jingine likiwahi. Binamu akaegemea ukuta akiomba chini kwa chini. Daktari alitazama ile sindano mezani. Kama nimekosea, aliwaza, iko karibu, na nimemwacha afe nayo ikiwa hatua moja.

Simu ikalia. "Dokta, hii mpya potasiamu iko chini. Chini kuliko kawaida."

Hakufurahi. Dozi ya kwanza ilikuwa imeshusha kitu ambacho hakikuwa kimezidi. Akatundika dripu yenye potasiamu, kitu kile kile alichokuwa akikikimbia, akakaa kuhesabu matone yasije yakaenda kasi.

Mawimbi yalijipanga taratibu. Shangazi akafumbua macho, akamtafuta daktari, akamwita kwa jina lake mwenyewe, kwa shida.

Binamu akajifuta uso. Alikuwa amefikiri.

"Dada. Ile ya pili ingemuua, umesema. Na ile ya kwanza?"

"Ile nilimpa," akasema daktari, macho kwenye dripu. "Sikuuliza kitu."

Binamu alivuta kiti, akakaa katikati ya daktari na mama yake.