Maji ya Kutasa Marungu

Jedidah wa Marungu alikuwa na mdomo, na hilo hakuna aliyelibisha, hata yeye mwenyewe. Serikali ilipotangaza kuuza ranchi ya umma iliyoko hapo, eti siku hizi ni soko huria, yeye ndiye aliyeandika dai la wenyeji ili bwawa lililo ndani lisiende na ranchi. Ng'ombe wa kijiji kizima wanakunywa hapo. Lakini jamani, aliandika "sisi Wadawida", yaani Wataita, basi, akawasahau Wakamba wa ng'ambo ya bwawa. Au tuseme ukweli: hakuwasahau, aliwaruka.

Wakala wa mnunuzi hakulaza damu. Aliwaendea Wakamba akawaambia watafukuzwa, afadhali wawe upande wake awape kazi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Wakamba wakagoma kutia sahihi, na ofisi ya ardhi kule Voi ikasema dai la nusu kijiji halitoshi. Mwisho wa kupokea madai ni Ijumaa.

Ikabidi Jedidah aende kwa Mbinya, mama ambaye Wakamba wote humsikiliza, na ambaye walikuwa wamenuniana naye miaka minne. Alibeba kibuyu cha maji akaomba watase. Kwa Wadawida, kutasa ni kuvuta funda la maji, kulipuliza chini na kuiachilia hasira iliyo moyoni, ila sharti kwanza uitaje. Mbinya alikaa vizuri kwenye kigoda, akamwambia aitaje yote.

Ikatoka. Mbuzi wa Mbinya waliomaliza kunde zake. Harusi ya binti yake, Sharon, ambayo Mbinya hakuihudhuria. Jedidah akavuta funda, na hapo Mbinya akamkumbusha taratibu kwamba hakualikwa. Kicheko kikamshika Jedidah maji yakiwa mdomoni, yakamrukia mwenzake usoni. Mbinya akajipangusa, akachukua kibuyu, akavuta funda lake na kumrudishia. Wakacheka mpaka kuku wakakimbia.

Ijumaa walikuwa Voi, sahihi za kijiji kizima, Wadawida na Wakamba, kwenye karatasi moja. Wakala naye alikuwepo, na suti yake. Akamweleza karani kwa upole kwamba dai ni la wenyeji, na yule mama Mkamba ni wa kuja tu.

Mbinya aliinamisha kichwa. Jedidah akasimama.

"Huyu alichimba lile bwawa kwa jembe, mimba ya mwanawe Muinde ikiwa tumboni," alisema. "Mimi nilikuwa namshikia karai. Wa kuja ni wewe."

Karani akagonga muhuri: ranchi haiuzwi mpaka wenyeji wasikilizwe. Mbinya akapiga kigelegele palepale ofisini, na Jedidah, bila haya yoyote, akakipokea.