Gololi za Abrehet

Abrehet alikaa, akasimama, akakaa tena. Mashindano ya baiskeli yangeanza saa nane mchana. Sasa ilikuwa saa nne, na gurudumu lake la nyuma lilisaga kama mtu anayetafuna mchanga.

"Mimi sisikii kitu," alisema Aboy Tekeste, fundi wake tangu aanze mbio. "Kinachosaga ni roho yako. Kunywa kahawa yako ya makiato, inapoa."

"Zungusha tena, Aboy. Tega sikio."

Mzee akazungusha, akainama. Kisha akachukua spana.

Grisi ilitoka nyeusi kama masizi. Abrehet alitoa gololi za chuma kwenye kitovu cha gurudumu, akazifuta moja moja. Tano zilikuwa na vidonda usoni.

"Nitabadilisha hizo tano tu," mzee alisema.

"Zote kumi na nane. Mpya ikikaa na zilizolika, itabeba mzigo wote peke yake."

"Ala! Si mimi niliyekufundisha hayo?"

Mzee alikuwa na mfuko wa gololi mpya zinazometameta. Abrehet akazipima: hii nene, ile nyembamba. Akausukuma kando, akadandia baiskeli ya mzee, akakimbilia Medeber, kwenye soko la mafundi wa vyuma. Huko, katikati ya makelele ya nyundo, akapekua vyuma chakavu vya mzee mmoja mwenye jicho moja mpaka akapata gurudumu kuukuu la Kiitaliano. Gololi zake zote zilikuwa sawasawa, hazina hata mkwaruzo.

Alirudi saa sita akihema.

"Ulitakiwa upumzishe miguu," mzee alifoka.

"Ningepumzika vipi?"

Akapaka grisi, akapanga gololi, akakaza kwa papara. Gurudumu likagoma kuzunguka.

"Legeza nati kidogo! Hiyo si mfuniko wa chupa."

Akailegeza. Mchana, kwenye mbio, gurudumu liliteleza bila sauti. Ukimya huo ndio uliomkosesha raha. Mzunguko wa mwisho alikuwa mbele, mpinzani wake Feruz, kutoka mji wa Keren, nyuma yake. Abrehet akatupa jicho chini kuhakikisha gurudumu bado linakwenda sawa. Feruz akampita. Abrehet akawa wa pili kwa nusu tairi.

Alitupa kofia chini na kuanza kuzungukazunguka. Feruz akamfuata, jasho likimtiririka.

"Dada, gurudumu lako halilii kabisa. Langu linanguruma tangu juzi. Umeweka gololi gani?"

Abrehet alimtazama kwa hasira. Kisha akaokota kofia yake.

"Medeber, kwa mzee mwenye jicho moja. Nenda na kipimo, usichukue mpya za mfuko, hazilingani," alisema. "Na usikaze sana."