Injini ya Gari la Mikate

Gari langu lilikaa uani miaka sita kama mgeni asiyejua kuaga. Injini yake ilikufa kwa uzee, kuku wakahamia kiti cha nyuma, na kila asubuhi mume wangu alipitisha mkono dirishani kuokota mayai bila hata kulitazama gari lenyewe. Ni gari dogo la milango minne, la zamani, rangi yake ilikuwa buluu.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, mapazia na magauni ya harusi, na sina subira na mtu anayekosea nguo halafu anasema, "Itakaa tu." Haitakaa. Nayasema haya mapema ili ujue ninavyochukia kukosea, maana kosa kubwa kuliko yote yanayosimuliwa hapa ni langu.

Kila mwaka klabu ya magari hufunga barabara ya mlimani Jumapili moja. Watu hupanda kwa kupimwa muda, gari moja moja, kona kumi na tisa hadi kwenye mnara wa simu. Nimeyatazama mashindano hayo tangu nikiwa na mimba ya kwanza, na mimba hiyo sasa inanyoa ndevu. Mwaka huu nikasema basi, nimechoka kupiga makofi. Nataka kupanda mimi, nimeshika usukani mimi, mpaka juu.

Mume wangu ni mwalimu wa jiografia, mtu mpole. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu hucheka anapodhani jambo linawezekana. Alikunja gazeti akasema, "Gari likifika kwenye ukaguzi kwa magurudumu yake, sawa. Likifika kwa kuvutwa na kamba, mama, nawaita watu wa chuma chakavu."

"Waite tu," nikamwambia. "Watakuja bure."

Ukaguzi ulikuwa umebakiza wiki tano. Fedha niliyokuwa nayo ni ile niliyoiweka kwa ajili ya cherehani ya kudarizi, na ilitosha injini moja. Si moja na nusu.

Mdogo wa mume wangu ni fundi magari. Watu wote humwita Spana, na ana maneno mengi kuliko nati za gereji yake. Nilipomweleza alizunguka gari mara mbili, akafukuza kuku mmoja, akashika kiuno.

"Mlima ule mrefu, shemeji. Kule juu hewa nyepesi. Injini ndogo inahema kama kaka yangu akipanda ngazi. Lazima tuilishe hewa kwa nguvu."

"Kwa nguvu vipi?"

"Njia mbili. Turbo inazungushwa na moshi wa injini yenyewe, moshi ambao ungetupwa nje hata hivyo. Supachaja inazungushwa na mkanda, inachukua nguvu ya injini moja kwa moja. Yaani turbo inakula makombo, supachaja inakula mezani na wenye nyumba."

"Kama wewe hapa kwetu."

"Mimi ni turbo, shemeji. Nakula mlichobakiza." Akacheka peke yake. "Nipe vipimo vya nyumba ya injini. Toka ukuta wa nyuma mpaka rejeta."

Nilipima mwenyewe jioni hiyo kwa futikamba yangu ya shingoni. Nikaandika kwenye daftari la wateja, katikati ya gauni la bibi harusi na suruali ya mwimbaji mmoja mwenye tumbo: sentimita sabini na mbili. Spana akainakili namba kwenye kiganja chake kwa kalamu.

Asubuhi yake tulikwenda kwa Mama Vyuma, mwanamke anayeuza injini zilizotumika kwenye ua mrefu wenye bati upande mmoja. Injini zimepangwa juu ya matairi, kila moja na kipande cha kadibodi kilichoandikwa bei. Yeye hukaa katikati yao juu ya kiti cha basi. Hainuki. Anaelekeza kwa fimbo.

Spana alikwenda moja kwa moja kwenye injini ya turbo ambayo vijana wote wa mji huiota. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesikia sifa zake, na sijui hata inatoka kwenye gari gani. Imeoshwa, inang'aa, kifuniko kimepakwa rangi nyekundu. Bei yake ilikuwa fedha yangu yote na kidogo zaidi, lakini Mama Vyuma alisema tutaelewana.

Spana akatumbukiza kidole kwenye mdomo wa turbo, akashika kipanga, kile kifeni kidogo cha ndani, akakitikisa. Kikacheza kama jino la mtoto. Akatoa kidole kimelowa oili. Uso ukamshuka.

"Mgema akisifiwa," nikasema.

"Tembo analitia maji, najua," akajibu kwa uchungu. "Turbo hii imekwisha, shemeji. Wameipaka rangi tu."

Ya pili niliipenda mimi. Ilikuwa na supachaja, na mkanda wake ulipita kwenye magurudumu matatu vilevile kama mkanda wa cherehani yangu ya kwanza. Nikauzungusha kwa mkono, nikausikia unavyoshika. Nilikuwa tayari kufungua mkoba. Spana akainama nyuma yake, akainuka na rundo la nyaya zilizokatwa kwa kisu.

"Kompyuta yake iko wapi?" akamuuliza Mama Vyuma.

"Iliuzwa."

"Bila kompyuta hii itafanya kazi gani?"

"Ya kuzuia mlango usijifunge," akasema Mama Vyuma, bila aibu hata kidogo.

Nilianza kumpenda yule mwanamke. Akanitazama kwa muda, mimi na si Spana, kisha akanyoosha fimbo kwenye kona. Pale palikuwa na injini yenye vumbi la unga, haijaoshwa, imefungwa kamba za katani. Ilitoka kwenye gari dogo la kusambaza mikate. Turbo yake ilikuwa ndogo kama birika. Nyaya zake zote zipo, kompyuta ipo, giaboksi ipo, hata kijiti cha kupimia oili kipo. Bei yake haikufika fedha yangu.

"Kizuri chajiuza," Spana akanong'ona, akikunja pua. "Gari la mikate, shemeji? Tutachekwa."

"Tumbukiza kidole."

Akatumbukiza. Kipanga hakikutikisika. Kidole kikatoka kikavu. Akarudia kwa kidole kingine, kana kwamba cha kwanza kilikuwa kimehongwa.

"Mkate haungoji," Mama Vyuma akasema. "Gari lile lilibadilishwa oili kila mwezi kwa sababu lisipofika dukani alfajiri mwenye kiwanda anapigiwa simu. Hizo nyekundu zinabadilishwa oili siku ya kuuzwa. Lakini sikilizeni: hapa hakuna kurudisha. Injini ikitoka getini haina mama."

Spana akapima urefu wake: sabini kamili. Akatazama kiganja: sabini na mbili. Tukawa na nafasi ya kidole kimoja. Nikalipa, na nilitoka pale nikijiona mjanja kuliko vijana wote wa mji.

Jumamosi tukaiinua kwa cheni uani. Mume wangu alisimama mlangoni na kikombe cha chai. Injini ikashuka polepole, ikaingia, ikasimama. Haikufika chini. Spana akaisukuma, akaiinamisha, akaizungusha kidogo, akatukana kwa sauti ya chini. Mbele iligonga rejeta, nyuma iligonga ukuta. Akachukua futi yake ya chuma, akapima nyumba ya injini. Akapima tena. Halafu akanyamaza, na mimi ndipo nilipoogopa, maana sijawahi kumwona Spana amenyamaza.

"Sitini na nane," akasema.

Nilikimbilia daftari. Sabini na mbili, mwandiko wangu. Na pale pale nikaelewa. Mtu akija kupimwa, mimi siandiki kipimo chake. Nakiandika pamoja na nafasi ya mshono, sentimita mbili huku na mbili huku, ili nisisahau wakati wa kukata. Miaka ishirini na mitatu mkono wangu umefanya hivyo bila kuniuliza. Nililipimia gari nafasi ya mshono.

Nilipowaeleza, mume wangu aliweka kikombe chini. Nilimwona anavyojizuia. Spana hakujizuia, alikaa chini ya madigadi akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha oili. "Kosa moja haliachi mke," akamwambia kaka yake, "lakini hili lifikirie."

Mimi sikucheka. Niliingia chumba changu cha kazi nikafunga mlango. Nilikasirika, na si kwa sababu ya fedha tu. Nilijiona mjinga niliyetoka kwenye nguo nikajipeleka kwenye vyuma, na kesho watu wa chuma chakavu watakuja na mzani, na mwakani nitasimama tena pembeni ya barabara kupiga makofi.

Kupitia dirishani nikamsikia Spana anapiga kelele, "Labda tukate hii shingo ya maji ya injini hapa mbele, tuipunguze!"

Nikatoka kama niliyechomwa sindano. "Usiiguse!"

"Sasa?"

"Mtu akija na gauni limembana, huwa nampunguza yeye?"

Nikamsogeza, nikainama juu ya ile nyumba ya injini nikaitazama kwa mara ya kwanza kama ninavyotazama nguo. Nyuma, ule ukuta, hapafunguki, ndio mgongo. Lakini mbele, bati linaloshika rejeta ni pindo tu. Nyuma ya taa na mbele ya bati lile kuna nafasi tupu ya kiganja kizima, haina kazi yoyote.

"Rejeta inaweza kukaa mbele ya bati badala ya nyuma?"

Akafikiri. "Bati likikatwa vizuri, inaweza. Likikatwa vibaya, pua yote inalegea na mkaguzi anatufukuza."

"Basi halitakatwa vibaya."

Siku mbili sikushona sare ya mtu. Nilibandika karatasi ya kaki kwenye lile bati, nikakata, nikavua, nikapima kwa futi ya chuma na si kwa ile ya shingoni, nikatupa, nikabandika nyingine. Karatasi ya nne ilikaa. Ilikuwa na mkunjo kama wa shingo ya gauni, na masikio mawili ya kukunjwa ndani ili kingo zisipoteze nguvu. Nikaichora kwenye bati kwa chaki yangu. Spana akafuata chaki ile kwa grinda, ulimi nje kama mwanafunzi, kisha akachomelea pale nilipomwambia achomelee. Nilikata vizuri. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli.

Injini ikashuka ikakaa. Ilichukua wiki mbili kuunganisha mabomba na nyaya. Mara ya tatu ya kuwasha, ikakohoa moshi mweupe, ikatulia, ikaanza kuunguruma kwa adabu. Kuku walitawanyika mpaka kwa jirani. Mume wangu alikuja akaweka mkono kwenye boneti na kuuacha pale kwa muda.

Siku ya ukaguzi niliendesha mwenyewe kutoka nyumbani hadi kwenye kiwanja cha klabu. Hakukuwa na kamba. Mkaguzi, mwanamume mwembamba mwenye tochi, alipofungua boneti vijana wa injini nyekundu walisogea kuona, wakaanza kunusa hewani wakiuliza mikate iko wapi. Mkaguzi hakucheka. Alipitisha kidole kwenye ule mkunjo wa bati, kwenda na kurudi.

"Nani amekata hapa?"

"Shemeji yangu," Spana akasema. "Mimi nilishika grinda tu."

Mkaguzi akanitazama juu mpaka chini, akapiga muhuri kwenye fomu.

Basi ikafika Jumapili. Watazamaji wote hukaa chini, kuanzia mstari wa kuanzia hadi kona ya pili, maana huko ndiko magari huzimika na kuteleza na watu wakapata cha kusimulia. Niliwaona wateja wangu, nikawaona majirani. Nilimtafuta mume wangu kwenye umati ule mpaka shingo ikauma. Hakuwapo. Aliondoka nyumbani kabla sijaamka, sikujua kwenda wapi.

"Atakuja tu," Spana akasema, akikaza mkanda wangu wa kiti. Hakunitazama machoni.

Niliumia, na hasira ikanisaidia. Bendera iliposhuka nilikanyaga mafuta. Kona tatu za kwanza gari lilipanda kama gari lolote. Ya nne, barabara iliposimama wima, nikasikia mluzi mwembamba mbele ya miguu yangu, kisha mgongo wangu ukabanwa kwenye kiti. Turbo imeamka. Nilipiga kelele peke yangu mle ndani, sijui nilisema nini. Kona ya tisa nilichelewa kufunga breki na gurudumu likala majani. Kona ya kumi na nne hewa ilikuwa nyepesi, masikio yangu yakaziba, lakini injini ya mikate haikuhema. Iliendelea kuvuta tu, bila maringo, kama ilivyozoea kufika dukani alfajiri.

Nilivuka mstari nikasimama chini ya mnara. Majibu ya mwisho yaliniweka wa kumi na moja kati ya magari kumi na sita. Nikafungua mlango, nikatoka, nikashika paa.

Kule juu hakuna watazamaji. Kuna mwenye saa, mezani kwake, na upepo. Na pembeni ya meza, juu ya jiwe, alikaa mwalimu wa jiografia, viatu vimejaa vumbi jekundu mpaka kwenye soksi. Alikuwa amepanda kwa miguu kabla barabara haijafungwa, kilomita saba, yeye anayehema kwenye ngazi.

"Nimekutafuta chini kote," nikamwambia. "Mbona hukukaa na wenzako?"

Akainuka, akajifuta vumbi matakoni.

"Nikafanye nini chini?" akasema. "Si ulisema unakuja huku?"