Jibu Lile Lile la Kibondo

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 13 Juni, saa kumi na dakika ishirini jioni, Asnath alipomsikia kaka yake Isack akisema, shemeji, usinizungushe, kitabu kikamilifu kinakuwaje na aya ambazo hakuna anayezielewa, na mkono wake ukaganda juu ya ungo wa maharage, maana hilo lilikuwa swali lake mwenyewe, amelificha miezi mitano, na sasa Isack analitupa uani mbele ya kila mtu, huku mama akicheka na kumwongezea mgeni chai... mgeni gani, kesho baada ya sala ya Ijumaa yeye Asnath atatamka shahada na Saidi atakuwa mume wake, na baba, aliyeingia nchi hii mgongoni kwa bibi akitokea Burundi, baba aliyebatiza nusu ya mtaa huu, amekubali kwa shingo upande, amesema tu, uwe na hakika, mwana wanje, yaani mwanangu... hakika, hakika ya nini, ya kitabu au ya mtu, jiwe hili, tupa... Saidi anajibu, sauti yake haipandi, sauti ya tabibu anayemwambia mgonjwa avute pumzi, anasema, Isack, Kitabu chenyewe kimekiri, Aali Imran, aya ya saba, zipo aya za wazi, hizo ndizo mama wa Kitabu, na zipo nyingine zenye kufanana, tafsiri yake ya kweli haijui ila Mungu, ukamilifu si ahadi kwamba wewe utaelewa kila kitu... Ehee, Isack kadaka, basi hata barua za serikali ni kamilifu, maana hakuna anayezielewa! na mama kapaliwa na chai, na Saidi naye anacheka, anacheka vizuri, meno yote, halafu anasema, Alif Lam Mim, ukiniuliza maana yake nitakwambia sijui, na waliosoma kuliko mimi wameandika mabuku na mabuku, mwisho wakasema Mungu ndiye ajuaye... sijui, amesema sijui, imemtoka kirahisi hivyo, na Asnath anapekua kichwani kama anavyopekua mafaili ya masijala kazini, tarehe kwa tarehe, hajawahi kumsikia akilisema neno hilo, hata mara moja... Aya ile anaijua, aliisoma Januari kwenye tafsiri ya Kiswahili aliyopewa na Saidi, akaipigia mstari kwa kalamu ya risasi, kisha akasoma inavyoendelea, kwamba wenye upotovu nyoyoni hufuata zile zenye kufanana kwa kutaka fitina, akakifunga kitabu haraka kama mtu aliyechunguliwa dirishani, kwa sababu ni yeye, si yeye? anayeokota utata mmoja mmoja usiku na mchana, na kama moyo wake ni mpotovu atatamkaje shahada... Mbega, Asnath, mama anaita kwa Kirundi chake, hivi hayo maharage tutayala Krismasi? Nakuja, mama... lakini hebu, fitina ipi alikuwa anaitafuta, Alif Lam Mim zimemkosea nini, herufi tatu, hazijamdanganya, zimekaa pale mwanzoni zikisema hatujulikani, nani analala macho kwa ajili ya herufi... Ulipokuwa kazini Kibondo uliishi na nani, alimuuliza Saidi Februari njiani wakitoka Manyovu, akasema, nyumba ya serikali, peke yangu, miaka miwili na miezi minne, akamuuliza tena Pasaka kwa simu, nyumba ya serikali, peke yangu, miaka miwili na miezi minne, na Jumanne iliyopita, neno kwa neno, mtu anayekumbuka husahau kidogo, huongeza paa lililovuja, jirani mlevi, mtu aliyehifadhi ndiye asiyekosea... na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kikao Kibondo, ofisi gani hukaa vikao Jumamosi miezi minne mfululizo, na simu yake inayoita saa kumi na mbili alfajiri, imeandikwa Fundi, fundi wa nini, nyumba hajengi, gari hana... na yeye msomi mzima na shahada yake ya chuo akajifungia na kitabu chenye umri wa karne kumi na nne kutafuta ufa, kwa sababu kitabu hakiwezi kumwambia, kwa hiyo huniamini? Kitabu kimesema wazi kipi kimefichwa. Saidi hajaficha kitu, ya Saidi yote ni wazi... Shemeji nimekushinda, anasema Isack, hujanishinda, anasema Saidi, tumeahirisha, na wote wanacheka, na chai inamiminwa, na Saidi anageuka, anamwita, mama watoto mtarajiwa, mbona kimya, unaniunga mkono au unamuunga kaka? Na Asnath, ungo magotini, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza jioni ile, akasema, kwenye hiyo aya nakuunga mkono wewe.

Ijumaa, saa kumi na mbili na robo asubuhi, alipanda gari la Kibondo, na kondakta alipouliza, unashukia wapi, dada, akasema, kwenye nyumba za watumishi wa serikali, nitaanza kubisha hodi nyumba ya kwanza.